Shamba Pamoja na Miti Yake

Soma: Mwanzo 23

 Kama unakunywa chai, endelea kunywa. Kama unajitayarisha kwenda shambani au kazini, nipe dakika chache tu. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo watu wengi hulifanya mara moja au mbili tu maishani mwao, nalo ni kununua kipande cha ardhi chenye miti.

Labda utasema, "Mchungaji, hayo ni mambo ya mawakili na ya Bodi ya Ardhi. Sisi tupe neno la Mungu." Lakini neno la Mungu lenyewe limeyataja. Katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 23, tunasoma habari za mzee Ibrahimu akinunua shamba.

Sara alikuwa amekufa huko Hebroni, akiwa na umri wa miaka 127. Ibrahimu alikuwa ameahidiwa na Mungu nchi ile yote, lakini siku ile hakuwa na hata pahali pa kumzika mkewe. Alikuwa mgeni. Akawaendea wana wa Hethi, wenye nchi, akainama mbele yao, akaomba auziwe pango la Makpela lililokuwa mwisho wa shamba la mtu aitwaye Efroni. Wao walikuwa tayari kumpa kaburi la bure. Efroni naye akasema atampa pango na shamba pia. Ibrahimu hakutaka kupewa, alitaka kulipa bei kamili. Ndipo Efroni akaitaja bei kana kwamba ni jambo dogo kati ya waungwana wawili: shekeli 400 za fedha. Ibrahimu akazipima papo hapo, kwa mizani iliyotumiwa na wafanyi biashara wote, huku watu wakisikia.

Sasa angalia jambo moja ambalo mimi nililisoma mara nyingi, hata nilipokuwa katika chuo cha theolojia, nisilione. Mstari wa 17 hausemi tu kwamba shamba na pango vilithibitishwa kuwa mali ya Ibrahimu. Miti nayo imetajwa. Ni miti yote iliyokuwa ndani ya shamba lile, mpaka kwenye mipaka yake pande zote. Hapana mti uliosahauliwa, wala uliofichwa. Na hayo yote yalifanyika langoni mwa mji, mbele ya kila aliyekuwa akiingia.

Nitakueleza jinsi nilivyokuja kuiona miti ile.

Sisi wachungaji twakaa katika nyumba za kanisa. Siku ya kustaafu ikifika, mtu hukabidhi ufunguo, akafunga vitabu vyake katika sanduku, akaondoka. Kwa hiyo mimi na mke wangu tulikuwa tukiweka akiba kidogo kidogo katika chama cha akiba na mikopo, ili siku moja tupate pahali pa kujenga. Kufikia mwaka 2019 tulikuwa na shilingi 180,000.

Mwaka huo mama mmoja mjane, mshiriki wa kanisa letu huku milimani Taita, alinijia baada ya ibada. Alikuwa na nusu ekari kwenye mteremko, imejaa mikaratusi aliyoipanda marehemu mumewe. Mjukuu wake alikuwa ameitwa katika chuo cha uuguzi, na karo ilitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi uliofuata. Akaniambia, "Mwanangu, nimesikia mnatafuta shamba. Afadhali ninunuliwe na wewe kuliko mtu nisiyemjua. Nipe 150,000, tumalize."

Nilifurahi sana. Nilisema moyoni, Bwana amejibu maombi yetu. Ndugu yangu, jihadhari na siku unapomshukuru Mungu upesi kwa sababu tu kitu ni rahisi. Wazee wetu walisema, rahisi huvunja upishi.

Nilifanya yote yanayompasa mnunuzi. Nilikwenda katika ofisi ya ardhi nikachunguza daftari. Hati ilikuwa kwa jina la yule mama, maana alikwisha kumaliza mambo ya urithi mahakamani, wala haikuwa rehani kwa benki. Nilimwita mpima ardhi, tukatembea pamoja na majirani, tukaonyeshana mawe ya mpaka. Nilijua ya kuwa tangu sheria ya mwaka 1967, shamba la kilimo halinunuliwi kihalali bila kibali cha Bodi ya Ardhi. Nilijua pia kuwa kuna ushuru wa stempu wa kulipa serikali. Kwa upande wa karatasi, mimi nilikuwa safi kabisa.

Kisha nikaingia katika miti.

Marehemu baba yangu alikuwa mpasuaji mbao. Nilikua nikishika ncha ya pili ya msumeno, kwa hiyo miti naijua kidogo. Siku ile, yule mama akiwa jikoni akinipikia chai, nilichukua utepe wa kupimia nguo nikaanza kuzunguka peke yangu. Mti hupimwa unene wake kifuani, si shinani ambako umevimba. Na tena, mti wenye mzunguko wa sentimita 80 hauna mbao mara mbili ya ule wa sentimita 40. Kama urefu ni mmoja, una mbao mara nne. Mtu asiyejua jambo hilo hutazama msitu wake akaona miti tu, lakini mpasuaji mbao huona milango, maboriti na madirisha.

Nilihesabu mikaratusi 214. Kati yake 58 ilikuwa minene, ya kupasuliwa mbao. Mingine 102 ilifaa kuwa nguzo za kujengea. Iliyosalia 54 ilikuwa myembamba, au ilisimama karibu na chemchemi wanakoteka maji majirani, ambako mti haukatwi ovyo. Hiyo sikuihesabia bei. Mpakani palikuwa na migrivea 11.

Nikauliza bei za kijijini wakati ule, bei za mti ukiwa umesimama, yaani kabla ya kumlipa mwenye msumeno, wabebaji, lori, na kibali cha kusafirisha. Mkaratusi mnene ulikuwa shilingi 1,500, wa nguzo 500, na mgrivea 1,000. Nikaandika nyuma ya karatasi ya ratiba ya ibada: 87,000, na 51,000, na 11,000. Jumla ikawa 149,000.

Msikilizaji, yule mama alikuwa ameniomba 150,000. Kwa maneno mengine, nilikuwa nikiuziwa miti kwa bei yake, na nusu ekari ya ardhi kwa shilingi 1,000.

Nilichunguza alikoipata bei ile. Jirani yake alikuwa ameuza nusu ekari kwa shilingi 150,000. Naye mama alisikia bei ya jirani akaifanya yake. Lakini shamba la jirani lilikuwa na mawe na nyasi tu. Isitoshe, mumewe alipopanda mikaratusi ile, mti haukuwa na thamani kubwa huku kwetu. Ilikuwa kuni tu. Ni mwaka 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya serikali na ya jamii, ndipo mbao zilipoadimika na wanunuzi wakaanza kupanda milimani kutafuta miti ya mashambani. Marufuku hiyo Rais alitangaza kuiondoa mwaka 2023, lakini wakati wa habari hii ilikuwa bado. Mama hakuwa amesikia. Alikuwa akiishi chini ya mali asiyoijua.

Nilirudi nyumbani na karatasi yangu mfukoni. Usiku ule sikulala. Na nataka kukuambia kwamba Shetani hakuniletea uongo hata mmoja. Aliniletea mambo manne, na yote yalikuwa kweli. Alisema, bei ameitaja mwenyewe, hukumshurutisha. Alisema, wewe pia huna mali, na una watoto. Alisema, mama anataka fedha upesi, na wewe unazo tayari. Tena alisema, shamba hili ni la mtumishi wa Mungu. Hayo yote yalikuwa kweli, lakini hakuna hata moja lililoweza kunipa usingizi.

Mke wangu akaniuliza gizani, "Yule mama anajua ana miti mingapi?"

Nikasema, "Hajui."

"Na wewe unajua?"

Nikanyamaza. Akageukia upande wake akalala. Mimi nikabaki na jibu langu.

Ndugu zangu, Biblia yajua sana mambo ya soko. Mithali, mlango wa 20, yamtaja mnunuzi anayekikashifu kitu mbele ya muuzaji, kisha akaenda zake akijisifu kwa jinsi alivyokipata. Mambo ya Walawi, mlango wa 19, yatuonya juu ya mizani na vipimo vya udanganyifu. Zamani nilifikiri mlango ule wahusu wauza nafaka wanaoficha jiwe chini ya mizani. Usiku ule niliona kwamba kujua thamani ya mali ya mwenzako, na kunyamaza kwa sababu ukimya wako utakupa faida, huko nako ni kuweka kidole juu ya mizani.

Tena mlango wa 25 wa kitabu hicho waeleza jinsi Waisraeli walivyopaswa kuuziana mashamba. Bei haikuwa ya kubahatisha. Walihesabu miaka iliyosalia mpaka Yubile, wakaangalia ni mavuno mangapi mnunuzi atakayoyapata. Miaka ikiwa mingi bei iliongezeka, ikiwa michache ilipungua. Maana aliyenunua alinunua mavuno. Na amri ya kutodhulumu ilitolewa kwa wote wawili, muuzaji na mnunuzi. Basi, shamba lenye mikaratusi iliyo tayari kwa msumeno lina mavuno yaliyokwisha kuiva. Kulilipia kama shamba tupu ni kula mavuno ya mtu bila kuyalipia.

Asubuhi nilimchukua mzee mmoja wa kanisa, tukaenda kwa yule mama. Sikutaka kwenda peke yangu. Ibrahimu alipima fedha yake langoni, na mtu akiwa na shahidi hapati nafasi ya kupunguza maneno. Nilimwonyesha karatasi, nikamsomea hesabu. Nikamwambia, "Mama, ardhi yako pamoja na miti yake haipungui shilingi 299,000. Mimi ninazo 180,000 tu. Nisingeweza kuinunua kwa haki."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, kumbe mzee aliniachia kitu." Akaanza kulia. Sikujua niseme nini, nikanywa chai yangu.

Basi mzee wa kanisa, ambaye ana akili ya mambo ya kawaida kuliko mimi, akauliza, "Kwa nini auze shamba? Si auze miti?" Ndivyo ilivyofanyika. Mnunuzi wa mbao aliitwa, akaja akahesabu, na hesabu yake ikakubaliana na yetu. Ile minene 58 ikauzwa kwa shilingi 87,000. Kijana akalipiwa karo, akaenda chuoni. Nguzo zikabaki zikinenepa, na migrivea ikabaki mpakani. Kwa kuwa mkaratusi ukikatwa vizuri kisiki chake huchipua tena, leo machipukizi yamekwisha kunipita kimo mara nyingi. Na hati ya shamba ingali katika sanduku la yule mama.

Mimi je? Mimi sikupata shamba. Mama aliniuliza siku ile akicheka, "Sasa wewe Mchungaji utakaa wapi?" Nami nikacheka pia, lakini siwezi kusema nilicheka kwa moyo wote. Tungali tukiweka akiba. Nakueleza hivi ili usidhani kwamba kila atendaye haki hurudishiwa maradufu kabla ya mwisho wa mwezi. Wakati mwingine haki hugharimu kitu ulichokitamani sana, na gharama hiyo hairudi.

Basi, kama wewe nawe unafikiri kununua kishamba chenye miti, au kuuza, chukua maneno haya matatu.

La kwanza, hesabu ardhi peke yake, na miti peke yake, kisha ujumlishe. Uliza shamba tupu la jirani liliuzwa bei gani. Hesabu miti mmoja mmoja, pima unene wake, uangalie umbali wake mpaka barabarani, maana mti ulio bondeni kusikofika lori una thamani ndogo kuliko ule ulio kando ya njia. Usiuhesabu mti usioruhusiwa kuukata. Na kama hujui, mwite anayejua, ambaye hana faida katika mapatano yenu. Hii si tamaa ya mali. Mtu asiyehesabu hawezi kujua kama ametenda haki au amedhulumu.

La pili, shida ya muuzaji si punguzo la bei. Watu wengi huuza kwa sababu ya ugonjwa, karo, au mazishi. Mwenye kuuza ili alipe hospitali hana nguvu ya kukataa bei yako. Mfalme Ahabu alimwahidi Nabothi shamba bora zaidi au fedha, na kwa masikio ya binadamu bei ile ilikuwa nzuri. Lakini Nabothi hakutaka kuuza, na Ahabu hakuweza kuvumilia kukataliwa, hata damu ikamwagika. Mapatano ni ya haki pale muuzaji anapoweza kusema "hapana" akabaki salama. Kama hawezi, basi wewe mnunuzi ndiwe unayepaswa kumlinda, hata dhidi yako mwenyewe.

La tatu, fanya mambo yako langoni. Yeremia aliponunua shamba la binamu yake huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, aliandika hati, akaita mashahidi, akapima fedha mbele yao, na hati ikawekwa katika chombo cha udongo ili idumu. Nasi tufanye vivyo hivyo. Mke na mume wajue wote wawili, na watoto wakubwa waambiwe. Miti iandikwe katika mapatano kwa hesabu yake. Na wewe unayeuza, neno hili ni lako pia. Wako watu wanaopokea arbuni mchana, na usiku msumeno hulia, hata mnunuzi akija kuchukua shamba akuta visiki. Wako wanaouza shamba moja kwa watu wawili. Mungu wa mnunuzi ndiye Mungu wa muuzaji, na macho yake yanaona usiku kama mchana.

Ukitaka kipimo kimoja kifupi cha bei ya haki, chukua hiki: ni bei ambayo mngeweza kuitaja wote wawili kwa sauti, katika mlango wa kanisa baada ya ibada, pamoja na hesabu yote iliyowafikisha hapo, bila mmoja wenu kutazama chini.

Ndugu msikilizaji, kabla sijamaliza, kumbuka kwamba wewe nawe ulinunuliwa. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakristo wa Korintho kwamba wao si mali yao wenyewe, maana walilipiwa. Nasi tulikuwa katika shida kuliko mjane yeyote, wala hatukuijua thamani yetu. Tungaliweza kupatikana kwa bei ya chini, maana tulikwisha kujiuza wenyewe kwa vitu vidogo vidogo. Lakini Mwana wa Mungu hakutafuta punguzo kwetu. Alilipa yote, nje ya lango la mji, mbele ya macho ya watu. Je, mtu aliyelipiwa hivyo atakwendaje kumpunja jirani yake kwa ajili ya mikaratusi 58?

Kama leo kuna jambo ulilolinunua na moyoni wajua mwenzako hakulipwa haki yake, usingoje ahukumiwe mtu. Inuka uende kwake. Zakayo alianza hivyo hivyo, na siku ile wokovu ukaingia nyumbani mwake.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyeiumba ardhi na miti yote iliyo juu yake, wewe ndiwe mwenye hati ya kila shamba, nasi tu wapangaji wako. Utusamehe pale tuliponyamaza ili tupate faida. Uwaonekanie wajane na yatima wanaouza leo kwa sababu ya shida, uwape wanunuzi wanaokucha. Uwafundishe wenye mali kuhesabu sawasawa, na sisi tusio na mali kungoja bila kutamani cha mwenzetu. Kwa ajili ya Yesu Kristo, aliyelipa bei kamili kwa ajili yetu. Amina.

Mungu akubariki, ndugu msikilizaji, mpaka tutakapokutana tena.